Nyuzi Arobaini Chini ya Sifuri

Asubuhi gari letu lilipodai kwa mara ya kwanza kwamba nje ya nyumba, upande huu wa Dagoretti, kulikuwa na baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri, mama yangu alicheka hadi akajishika ubavu. Alikuwa ameketi kiti cha mbele, kofia ya sufu imemfika nyusini, shuka mbili zimemzunguka, mfuko wake wa hospitali umewekwa mapajani. Nilimsomea tarakimu zilizokuwa zikiwaka kwenye dashibodi, nikamweleza maana yake.

"Basi tumeshakufa," alisema. "Na hao majirani wanaopita hapo ni mizuka."

Nilicheka pamoja naye. Gari hilo lilikuwa limetumika Japani miaka mingi kabla ya kushushwa Mombasa, na lilikuwa na vituko vyake. Kila nilipoliwasha, sauti ya mwanamke ilitusalimu kwa Kijapani, wala hakuna aliyewahi kugundua namna ya kuinyamazisha. Niliihesabu baridi ile ya uongo kuwa kituko kingine, nikaondoa gari.

Mama alikuwa amekuja kwangu kutoka Ukambani baada ya figo zake kushindwa. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, nilimpeleka katika hospitali moja iliyo karibu na katikati ya mji, akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Nafasi yake ilikuwa ya asubuhi. Akichelewa, mashine alipewa mgonjwa mwingine. Akikosa kabisa, maji yalianza kujikusanya mwilini hadi pumzi ikawa ya kutafutwa. Tulikuwa tumejaribu teksi. Mvua iliponyesha madereva walikubali kuja, kisha wakaghairi. Na yule mmoja aliyefika, alipomwona Mama akitapika ndani ya mfuko wakati wa kurudi, alitushusha njiani. Tangu siku hiyo nilimwendesha mwenyewe.

Jambo la pili la kueleza ni kifua chake. Mwezi wa Juni alikuwa ameugua nimonia, akalazwa. Siku ya kumruhusu kurudi nyumbani, daktari, mwanamke mpole asiyependa kutia chumvi, alinivuta kando ya mlango. Aliniambia kwamba mwili wa mama yangu hauna akiba ya kupigana vita hivyo mara ya pili. Nimkinge na upepo, alisema, na hasa upepo wa maji.

Kisha Julai ikaingia. Asiyeishi upande wa magharibi wa Nairobi hudhani kwamba tunatia chumvi tunapoieleza Julai yetu: jua halionekani, mawingu yanakaa juu ya mabati kama kifuniko cha chungu, na asubuhi hunyesha manyunyu membamba yasiyostahili kuitwa mvua lakini yanayolowesha kila kitu. Ndani ya gari, pumzi za watu wawili na mavazi yenye unyevu hukifunga kioo cha mbele kwa ukungu kabla hujafika barabara kuu. Dawa yake katika gari letu ilikuwa moja tu. Hita ilikuwa imezibwa mabomba yake zamani, kwa sababu ilivuja, na fundi aliyeiziba alisema maneno ambayo nimewasikia mafundi wengi wa hapa wakiyasema: hapa si Ulaya, joto la nini? Kilichobaki kilikuwa kiyoyozi, ambacho hukausha hewa na kuipuliza kiooni, na ukungu ukatoweka.

Safari mbili za kwanza za baridi ile ya uongo hakukuwa na manyunyu, sikutambua lolote. Safari ya tatu ilikuwa ya Ijumaa. Nilibonyeza kitufe cha kiyoyozi, taa yake ndogo ikawaka, lakini ule mlio mfupi wa kompresa, pampu ya kiyoyozi, kushika kazi chini ya boneti sikuusikia. Nilibonyeza tena. Hewa iliyokuja ilikuwa na unyevu ule ule wa nje. Hapo ndipo nilipoelewa, na ufahamu huo ulinipa baridi ambayo haikutoka Julai. Magari ya namna hii yameundwa yasiwashe kompresa mahali palipoganda, isije ikavunjika. Gari letu liliamini liko kwenye theluji.

Nilipaswa kurudi nyumbani, lakini mashine ilikuwa ikimsubiri Mama. Nikaendelea. Katika Barabara ya Ngong kioo kilikuwa cheupe kabisa. Nilikifuta kwa leso upande wangu, Mama akakifuta upande wake kwa ncha ya shuka, na kila tulipofuta tuliacha michirizi ya mafuta ambayo taa za magari yaliyotoka mbele ziliingia ndani yake na kutawanyika. Nilikuwa nikiendesha kwa kukisia. Karibu na njia ya kuingia Jamhuri niliona kitu cheusi katikati ya ule weupe, kikubwa kuliko mtu, na nilikanyaga breki kwa nguvu hata mfuko wa hospitali ukaanguka chini. Gari lilisimama. Kiganja kilipiga boneti, pwa!

Ulikuwa mkokoteni uliojaa kabeji. Mwenyewe alikuja dirishani kwangu, maji yakimtiririka usoni.

"Wee mzee! Umelala ama umekufa?"

Kabla sijapata neno, Mama alikuwa ameshusha dirisha lake. "Tusamehe, mwanangu," alimwita kwa sauti kubwa. "Hatuoni. Kioo kimefunga."

Yule mtu alizunguka akamtazama, akamwona alivyojifunika, hasira ikampungua, akamwita kama bibi yake. "Shosho, ambia huyu dereva wako afungue madirisha yote. Hewa ndiyo inatoa hiyo ukungu."

Alisema kweli. Dirisha lilipokuwa wazi, kioo kilianza kusafika. Mkokoteni ulipopita nilinyoosha mkono kulifunga la Mama kwa kitufe cha upande wangu, naye akaweka kiganja chake juu ya ukingo wa kioo, kisiweze kupanda.

"Mama, kifua chako."

"Mimi nimeishi," alisema. "Huyo wa kabeji bado."

Tulifika hospitalini dirisha likiwa wazi. Alikuwa amelowa bega lote la kushoto. Jioni ya Ijumaa hiyo akaanza kukohoa.

Kikohozi hicho nilikisikia kutoka kila chumba cha nyumba. Kilikuwa kikavu bado, kifupi, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nililiwaza jambo lenyewe kama nilivyozoea kuwaza, nikitenganisha sehemu zake, na kila nilipozitenganisha zilirudi pale pale: nikifunga madirisha nitamuua mtu barabarani, nikiyafungua nitamuua mama yangu. Jumanne ilikuwa inakuja.

Jumamosi asubuhi nililipeleka gari kwa fundi wa umeme wa magari aliye na kibanda cha mabati Dagoretti, si mbali na soko. Ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa hapo hapo, mwenye ovaroli lililokatwa mikono na sauti inayovuka barabara, na huniita kwa kazi yangu, mwalimu. Nilimwambia kwamba gari linasoma nyuzi arobaini chini ya sifuri.

"Hata mimi nasoma hivyo, mwalimu," alijibu, akipuliza vidole vyake. "Hii baridi ya mwaka huu ni ya kuua nyani."

Nilimweleza habari za Mama. Mzaha ukaondoka usoni pake. Alilala chini ya bampa juu ya kipande cha boksi, akaingiza mkono, akatoa kidude cheusi kidogo kama ncha ya kidole, chenye waya mbili. Kipimajoto hicho cha nje mafundi wanakiita sensa.

"Hii ikikufa, gari inachukulia baridi ile ya mwisho kabisa," alisema. "Enda tao ulete ingine. Leo, si kesho. Kesho maduka yote iko kanisa."

Nilikwenda mjini, nikatembea Barabara ya Kirinyaga kutoka duka hadi duka, nikilinganisha kila kidude na kile nilichokishika mfukoni, umbo la soketi na rangi ya plastiki. Wauzaji waliniita bosi, mdosi, mzee, kila mmoja akiapa kwamba chake ndicho. Katika duka la mwisho nilipata kilichofanana kwa kila alama, kimetolewa kwenye gari la namna ile ile lililogongwa nyuma. Nilirudi nikiwa nimekikunja kiganjani kama mtoto aliyetumwa dukani na sarafu.

Fundi alikipachika. Niliwasha gari. Arobaini chini ya sifuri.

Alichomoa kidude kipya, akaunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya. "Hapo sasa inafaa kupanda hadi juu, ikuwe kama jehanamu," alinieleza. "Sema unaona ngapi."

"Arobaini chini."

"Subiri kidogo. Sasa?"

"Arobaini chini."

Alitoka chini ya gari akiwa amekunja uso. "Basi si sensa. Waya imekatika mahali. Na kama waya imekatika, hata kuidanganya siwezi." Aliponiona sielewi, alifafanua kwamba kuna hila ya mafundi wote: kidude kikikosekana kabisa madukani, hufungwa badala yake kipande kidogo cha redio mbovu kinachopunguza umeme, na gari likaamini kwamba nje kuna joto zuri la wastani mchana na usiku. Lakini uongo nao huhitaji waya wa kupitia.

Alizifuata zile waya kwa vidole, polepole, kutoka kwenye soketi kwenda juu, hadi mkono ukakwama. Aliangaza kwa tochi kupitia matundu ya grili, ule wavu wa mbele ya gari, kisha akapiga mluzi.

"Nani alifunga hii gari hivi? Ama ulikuwa unabeba pesa ya benki?"

Nilijua alichokiona. Mtaani kwetu, gari likinunuliwa, kabla halijabarikiwa na mchungaji hupelekwa kufungwa. Namba yake huchongwa kwenye kila kioo na kila taa, na taa na grili hushikwa kwa mabamba ya chuma na riveti, misumari isiyofunguka, kwa sababu wezi huzing'oa kwa dakika moja na kuziuza mjini. Wiki ile gari letu lilipofika, jirani wa mkono wa kulia alikuwa ameamka akakuta gari lake halina macho. Mtu aliyekuja na riveti zake alifunga magari ya kichochoro chote siku moja, moja baada ya jingine, nasi tulimshangilia. Bamba letu lilipita nyuma ya grili kutoka taa hadi taa. Riveti yake moja ilikuwa imepita katikati ya zile waya, na kwa miaka kadhaa kutu ilitafuna kidogo kidogo kile ambacho chuma kilikuwa kimekibana.

"Unganisha waya nyingine juu yake," nilisema.

"Wapi? Ncha iliyo hai iko chini ya bamba. Lazima riveti itoke. Na riveti inatoka na drili." Alinishika mkono, akaniinamisha, akanionyesha kwa mwanga wa tochi. Nyuma ya riveti, upana wa kidole tu, palikuwa na ukuta wa mapezi membamba ya alumini. "Hiyo ndiyo inabeba gesi ya AC. Drili ikiteleza itoboe hapo, gesi yote imeenda. Hata ukileta sensa mia, hakuna AC hadi ununue hiyo yote. Na hiyo huipati kabla ya Jumanne. Ni wewe useme, mwalimu. Mimi nitatoboa, lakini si mimi nina shosho anakohoa."

Niliinama pale mbele ya gari, magoti yakiwa kwenye tope, nikipima kwa macho upana ule wa kidole. Nikiacha, Jumanne ni dirisha wazi, bila shaka yoyote. Nikikubali, pengine ni kioo safi, na pengine ni dirisha wazi Jumanne na kila siku itakayofuata. Katika maisha yangu yote nimeamini kwamba anayesubiri akachunguza zaidi hukosea kidogo. Hapo hapakuwa na kitu zaidi cha kuchunguza.

"Toboa," nilisema.

Alikata bati la kopo la mafuta, akalikunja mara mbili, akaliteremsha kati ya riveti na mapezi, akaniambia nilishike kutoka juu, nisilegeze hata nikisikia nini. Drili ililia. Mtetemo wake ulipanda kupitia bati hadi kwenye meno yangu. Chenga za chuma zilinirukia kwenye kifundo cha mkono, zikiwa moto, nami sikulegeza. Halafu chuma kiliachia kwa ghafla, drili ikazama mbele, na bati likanigonga vidole kwa nguvu.

Fundi alizima mashine papo hapo. "Usisonge." Aligeuka kumkabili kinyozi wa kibanda cha jirani. "Wee! Zima hiyo redio!"

"Kwani kuna nini, mathe?"

"Zima, nimesema!"

Redio ikanyamaza. Tulisikiliza. Gesi ikitoka hulia kama nyoka, alikuwa ameniambia. Nilisikia mbuzi wa mtu akilia upande wa machinjioni, nikasikia lori likibadilisha gia, nikasikia pumzi yangu mwenyewe. Fundi alisogeza sikio lake hadi kwenye grili, macho ameyafumba. Alikaa hivyo muda ambao sitaki kuupima hata sasa.

"Hakuna," alisema mwishowe. "Toa bati. Pole pole."

Bati lilikuwa na shimo katika kunjo la kwanza, na katika kunjo la pili kichubuo kirefu kama kucha.

Waya zilipofunuliwa, moja ilikuwa nzima na ya pili ilikuwa unga wa kijani. Alikata kilichooza, akaunga, akachomelea kwa risasi, akafunga tepu juu yake mara nyingi. Tarakimu hazikubadilika. Alisema zinahitaji mwendo, kwa hiyo tuliendesha hadi sokoni na kurudi, naye akiwa ameketi mahali pa Mama, na nilipoziona zikipanda, kwanza sifuri, halafu tisa, hatimaye kumi na sita, nilisikia chini ya boneti ule mlio mfupi niliokuwa nimeukosa. Hakushangilia. Alinionya kwamba siku hiyo ilikuwa kavu. Tepu ni tepu, alisema, na maji hutafuta njia. Kama kiungo kitalowa, gari linaweza kurudi kwenye theluji yake. Kiungo hicho kitajulikana siku ya manyunyu.

Jumanne manyunyu yalikuwepo. Mama alikuwa amekohoa Jumapili yote na Jumatatu yote, na asubuhi hiyo kikohozi kilikuwa kimeanza kubeba kitu. Nilimfunga shuka ya tatu. Dashibodi ilisema kumi na moja, nami sikuiamini wala sikuthubutu kuikataa. Tuliteremka kuelekea Barabara ya Ngong, na ukungu ukaanza kama ulivyoanza siku ile, kwenye pembe, ukitambaa kuelekea katikati. Nilibonyeza kitufe. Taa ikawaka. Mlio haukuja.

Mama aliutazama mkono wangu ukibonyeza mara ya pili. Alipeleka kidole chake kwenye kitufe cha dirisha.

"Usifungue, Mama."

"Na watu wa barabarani je?"

"Nasimama."

Nilipanda na magurudumu mawili juu ya ukingo wa barabara, nikawasha taa za hatari. Magari ya nyuma yalianza kupiga honi. Mtu mmoja alipita ubavuni akanitukana kwa ufundi ambao wakati mwingine ningeustahi. Kioo kilikuwa kimefunga kabisa; tulikuwa ndani ya yai. Mama alikohoa, akatema kwenye kitambaa, akakikunja nisione.

"Mashine yangu watampa mtu," alisema.

"Najua."

"Basi fungua dirisha twende. Nitajifunika uso."

Niliziangalia zile tarakimu. Kumi na moja. Hazikuwa zimeshuka. Nikajiambia kwamba kama gari halisemi theluji, basi halina sababu ya kukataa, na kwamba huenda liliogopa kuamini baada ya kudanganywa muda mrefu. Fikra ya kijinga, lakini ndiyo iliyouzuia mkono wangu usiguse kile kitufe cha dirisha. Nilizima injini. Niliwasha upya. Yule mwanamke wa Kijapani alitusalimu kwa uchangamfu wake wote, na mara, mbele ya miguu yetu, kompresa ikashika.

Ukungu ulianza kuondoka kutoka chini. Kwanza tuliona waipa, kisha boneti, kisha nusu ya barabara: miguu ya watu bila vichwa, magurudumu ya pikipiki, pindo la sketi ya shule. Mama aliondoa kidole chake kwenye kitufe, akaingiza mkono ndani ya shuka. Kioo kiliendelea kufunguka hadi juu, na barabara nzima ikawa mbele yetu, imejaa watu waliokuwa wakitembea, wakivuka, wakisukuma, wakikimbilia kazini katika manyunyu, karibu mno na magari, karibu kuliko nilivyowahi kutambua.

Mama aliwatazama mmoja mmoja.

"Hawa wote," alisema, "Ijumaa ile walikuwa hapa?"

"Walikuwa hapa."

Alijishika kwa mkono mmoja kwenye mshikio wa mlango. Niliingia barabarani. Hatukuwa tumeenda mbali alipoanza, kwa sauti ya chini iliyokatwakatwa na kikohozi: "Yule wa mwavuli mwekundu."

"Nimemwona, Mama."

"Yule amebeba mtoto mgongoni."

"Nimemwona."

"Anaangalia simu, huyo, haangalii gari. Piga honi."

Nilipiga honi. Mtu aliinua kichwa akarudi nyuma hatua moja. Na tuliendelea hivyo, yeye akinitajia kila mtu aliyekanyaga lami kati ya pale na mjini, mimi nikimjibu, hadi tulipofika hospitalini na muuguzi akafungua mlango wa upande wake, akamsikiliza akikohoa mara moja tu, akamshika mkono na kumwingiza ndani haraka, bila kuniambia kama mashine bado ilikuwa yake.